Barua ya wazi: fishi ya hospitali haimjui anayemtunza mgonjwa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa jimbo,
Kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya na madaktari wakuu wa zoni za afya za Lubumbashi,
Kwa Meya wa mji na wakuu wa komini zote,

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Katuba. Nawaandikia juu ya watu wanaotunza wazee waliopatwa na kiharusi, au AVC kama tunavyosema wote hapa mjini. Wazee wenyewe wana daktari, hata kama ni wa kuonana naye mara moja moja. Anayewageuza usiku, kuwaosha, kuwalisha na kugombana nao juu ya vidonge hana mtu. Mimi ni mmoja wa hao. Namtunza baba yangu mzazi, fundi umeme mstaafu. Upande wake wa kuume umelala, na maneno yamembakia machache: "ndiyo", "hapana", na matusi mawili ya zamani ambayo, ajabu, yanatoka safi kabisa.

Sikuja kuomba pole. Pole tunapewa kila siku.

Nianze na karatasi, maana nyinyi ni watu wa karatasi. Siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, hospitali inajaza fishi. Kuna nafasi ya jina lake, umri, komini, avenyu, namba ya nyumba, na nafasi ya mtu wa kuitwa likitokea jambo. Hapo anaandikwa nani? Anayelipa. Kwetu ameandikwa kaka yangu anayefanya kazi Kolwezi, pamoja na namba yake ya simu. Ni haki yake, makuta yametoka kwake. Ila kaka hajui kama mzee amemeza dawa ya tensheni, yaani shinikizo la damu, leo, wala hajui kidonda cha kiunoni kilianzia wapi. Muuguzi akitaka kuuliza hali ya mgonjwa anapiga simu Kolwezi, Kolwezi inanipigia mimi, mimi naijibu Kolwezi, Kolwezi inamjibu muuguzi. Jibu likifika huko limeshakuwa "anaendelea vizuri". Nami nimesimama nyumbani, karibu na hospitali hiyohiyo, na beseni mkononi.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza halina gharama hata ya franga moja: kwenye fishi hiyo ongezeni mstari wa jina la anayelala na mgonjwa. Aandikwe yeye, na namba yake. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka kwenye mstari huo, kwa sababu mtu asiyeandikwa hafundishwi, hatembelewi, wala haulizwi kama na yeye ni mzima.

Sisi tulifundishwa nini tulipokuwa tunatoka? Hospitali siitaji, na sidhani ingekuwa tofauti kwingine. Tuliambiwa mlangoni: "Mumlishe vizuri, mumfanyishe mazoezi, mrudi baada ya mwezi." Neno la kwanza tu, kumlisha vizuri, lilitosha kumuua. Mtu aliyepatwa na AVC koo lake linaweza kusahau kumeza. Maji, ambayo sisi tunayaona ndiyo mepesi kuliko vyote, ndiyo yanayoteleza haraka na kuingia njia ya hewa, kisha mapafu yanaoza na mgonjwa anakufa kwa homa ambayo familia inasema imetoka kwa walozi. Uji mzito unapita pale ambapo maji yanamkaba. Bukari (ugali) laini iliyopondwa na sombe (majani ya muhogo) inapita pale ambapo wali mkavu unabaki umejificha shavuni, upande usiosikia kitu, mpaka usiku analala nao mdomoni. Inabidi akae wima, apewe kijiko kidogo upande wenye nguvu, umsubiri ameze kabla ya kijiko kingine, umkague shavu kwa kidole, halafu umwache amekaa nusu saa kabla ya kumlaza. Haya yote mtu anaweza kuonyeshwa kitandani kwa mgonjwa, akayafanya mwenyewe huku muuguzi anatazama, na yangemaliza muda mfupi kuliko ule tunaotumia kwenye foleni ya kasa, pale pa kulipia. Aliyenifundisha mimi ni mama jirani ambaye zamani alikuwa anafanya usafi wodini. Alikuwa ameona.

Na bega. Wageni wanakuja kumwona mzee, wanaushika mkono ule uliolala na kuuvuta kwa upendo wote, "Baba, amka!" Bega ambalo misuli yake imelegea linachomoka taratibu kwa kuvutwa namna hiyo, na maumivu yake ndiyo yanayomfanya mzee akatae mazoezi. Nimeweka meza ndogo upande ule ili watu wapite upande mwingine. Dawa yangu ya mifupa ndiyo hiyo, meza.

Kuhusu vidonda vya kulala mnajua kuliko mimi: mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Kwenye nyumba ambayo umeme umekatika ni tochi ya simu umeiuma kwa meno, mwili wa mwanaume mzima, godoro la musi (sponji) lililokwisha katikati, shuka limelowa, na maji ya kufulia yatoke kwenye foraji (kisima) ya jirani kwa bidoni (dumu). Pampersi za watu wazima zipo madukani. Bei yake kwa wiki inapita bei ya unga wa nyumba nzima. Tunakata vitenge vya zamani.

Kuna jambo ambalo halisemwi kwenye mikutano, nami nitalisema kwa heshima. Kwetu binti haoni uchi wa baba yake. Kwa mkwe ndiyo kabisa: kuna nyumba hapa ambazo mke wa mtoto hali hata chakula mbele ya baba mkwe. Kisha AVC inaingia, watoto wanaume wanaondoka asubuhi kutafuta maisha, na anayebaki na mzee aliyejichafua ni mke wa mtoto. Namwosha baba akiwa amefunikwa kitenge. Mkono wangu unafanya kazi chini ya kitambaa, macho yangu yako dirishani, na yeye amegeuzia uso ukutani. Hatuzungumzi mpaka nimemaliza. Ninawajua wake za watoto ambao hata kitenge hakikuwasaidia: mzee alikataa kuoshwa na mkwe, akabaki mchafu mpaka jioni mwanawe aliporudi, na kidonda hakikungoja jioni. Kwa hiyo mkipanga lolote, tafadhali, msiandike kwenye mialiko "akina mama watunzaji". Mtakuwa mmetufungia humo. Iteni watoto wanaume na wajukuu wa kiume, wafundishwe kumwosha mwanaume mwenzao. Na mkituma mtu wa afya kwa mzee wa kiume, mkiweza atumwe mwanaume.

Sasa nije kwenye lililo mikononi mwenu.

Wakati wa kampeni ya chanjo ya polio, reko, wale wahudumu wa afya wa mtaani, wanafika kila mlango. Wanaandika kwa chaki ukutani, wanajua nyumba gani ina mtoto wa chini ya miaka mitano na nani hakuwepo wa kurudiwa kesho. Kazi ile naisifu, nimeiona kwa macho. Lubumbashi ina zoni 11 za afya, kila zoni ina vituo vyake, kila kituo kina mwuguzi mkuu na reko wake. Njia imeshachimbwa. Basi reko hao hao, wanapopita kwa ajili ya watoto, waulize swali moja zaidi: kuna mzee aliyelala humu, na nani anamtunza? Waandike majina yote mawili. Baada ya raundi moja tu mtajua mna nyumba ngapi kama yetu. Leo sidhani kuna ofisi mjini inayoweza kuwajibu. Halafu kituo cha karibu kipewe jukumu la kufika kwenye nyumba hiyo ndani ya wiki ya kwanza baada ya mgonjwa kutoka hospitali, na kurudi kila mwezi: kupima tensheni ya mgonjwa, kumgeuza na kutazama mgongo na visigino, kutazama dawa zilizobaki. Na huyo aliyefika apime na tensheni ya anayemtunza. Mama mmoja wa avenyu yetu alimtunza mumewe mpaka na yeye akaanguka kwa AVC akiwa na bidoni kichwani. Hakuwahi kupimwa, kwa sababu aliyekuwa mgonjwa ni mwingine.

Reko walipwe kwa kazi hiyo. Mkiwaongezea mzigo bila kitu, watafika mara moja na kuandika kwamba wamefika mara nne, na sitawalaumu.

Najua kuna mtu katika divisheni atakayesema: jibu ni kuwapa familia mafunzo, semina ya siku moja, mabango na kitabu kidogo. Nataka nilijibu hilo mapema. India walijaribu jambo kubwa la namna hiyo: wagonjwa 1,250 wa AVC katika hospitali 14, familia za nusu yao zikafundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: baada ya miezi sita, waliokufa na waliobaki tegemezi hawakuwa wachache kuliko upande wa pili. Uingereza nako, utafiti wa London uliotoka mwaka 2004 ulionyesha kwamba kuwafundisha watunzaji wodini kunawapunguzia mzigo na kupunguza gharama. Walipoupeleka kwenye hospitali 36, matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha tofauti. Wengine watasoma hayo na kusema, basi, familia ziachwe. Mimi naona kingine. Mtunzaji anahitaji kuonyeshwa, lakini kuonyeshwa peke yake hakumgeuzi kuwa hospitali. Msitugeuze sisi kuwa makine (wataalamu wa mazoezi ya viungo) wa bure. Tuleteeni kine.

Hapa ndipo penye uchungu hasa. Nguvu nyingi ambazo mwili utazirudisha baada ya AVC zinarudi katika miezi ya mwanzo, mitatu hasa. Na miezi hiyo mitatu ndiyo ambayo familia haina kitu, maana pesa yote imebaki hospitalini: kitanda, picha ya ubongo inayolipwa kwa dola kabla mgonjwa hajaingizwa kwenye mashine, dawa, serumu. Wengine hata kutoka hawatoki. Matibabu yamekwisha lakini mgonjwa anashikiliwa wodini kwa deni, na kila siku anayoshikiliwa deni linaongezeka na misuli inakauka. Huyu wa AVC, Mheshimiwa Waziri, mwachieni aende, familia iandikiwe ahadi ya kulipa polepole. Anayetoka naye anapaswa kukodi taksi nzima, kwa sababu mtu asiyeweza kukaa hapandi moto (pikipiki) wala basi, ampeleke kwa kine, alipe kikao, arudi. Wengi wanafanya vikao viwili vitatu na kuacha. Mkinunua moto moja kwa kila zoni, na mafuta yake, kine mmoja anaweza kuzunguka nyumba kadhaa kwa siku. Kikao kinachofanyika kwenye kitanda chenyewe, kwenye mlango wenyewe, kwenye choo chenyewe cha nje chenye ngazi mbili, ndicho kinachomfundisha mgonjwa na mimi kwa pamoja.

Na vyombo. Kiti cha magurudumu, kiti cha choo, fimbo ya miguu minne, godoro zuri. Familia inavitafuta kwa shida, mzee anafariki, vinabaki stoo, na nyumba ya tatu kwenye avenyu ileile inaanza kutafuta upya. Kila zoni iwe na ghala dogo la kuazima: unachukua kwa sahihi, unarudisha. Kiti cha choo hakihitaji kutoka Dubai wala China. Maseremala wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, wanatengeneza kitu chochote ukiwachorea. Wapeni kazi.

Pesa itatoka wapi? Mji huu umekaa juu ya shaba. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa ushuru wa uchimbaji: asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa komini na sekta ambako madini yanatoka. Sheria hiyohiyo inawataka wachimbaji watenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya wakazi wanaoguswa na migodi. Tumeona madarasa, tumeona visima, asante. Sijaona godoro. Na wazee ninaowasemea ndio waliochimba. Wengi wao walikuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, enzi ambazo mfanyakazi na watoto wake walitibiwa na kampuni, wakaingia kwenye ile operesheni ya kuondoka kwa hiari ya mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000. Hao waliokuwa na miaka hamsini wakati ule sasa wamepita sabini. Ndio umri wenyewe.

Jambo la sheria ya kazi linahusu Kinshasa, lakini wabunge wetu ni watu wa hapa na wanapiga kampeni hapa. Sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mfanyakazi siku nne akifiwa na mzazi. Za kumtunza mzazi akiwa hai, hakuna. Matibabu ambayo mwajiri anapaswa kuyalipa ni ya mfanyakazi, mke au mume wake na watoto. Baba na mama hawamo. Kwa hiyo kaka yangu wa Kolwezi atapata ruhusa ya kuja kumzika mzee, ya kuja kumgeuza hapati. (Kaka, ukisoma hapa usikasirike, hili si lako peke yako.) Wakati tunangoja Kinshasa ibadilishe sheria, Mheshimiwa Gavana anakaa meza moja na wakuu wa kampuni za madini mara kwa mara. Kampuni na sindikati (vyama vya wafanyakazi) zinaweza kukubaliana siku kadhaa za kumtunza mzazi bila kungoja mtu yeyote. Waombeni.

Sisi wengine hatuna mwajiri wa kumwomba. Nilikuwa nashona. Mashine ipo chumbani, nimeifunika, na wateja wangu wa bitenge vya sikukuu wamekwenda kwa mwingine. Ni hivyo kwa mama wa meza ya sokoni aliyeiacha meza, na kwa msichana wa miaka kumi na sita aliyetolewa shuleni kwa sababu "bibi hawezi kubaki peke yake". Huyu wa tatu ndiye anayenikosesha usingizi. Reko akimkuta mtoto wa shule kwenye nafasi ya mtunzaji, nyumba hiyo iwe ya kwanza kusaidiwa. Siku moja kwa wiki ya kupumua ingetosha kuanzia, na si lazima serikali iilipie yote: mama Kipendano wa Kimetodisti, jumuiya za Kikatoliki na makundi ya Waislamu wanatembelea wagonjwa tangu zamani. Wanakuja, wanaomba, wanaimba, wanaondoka. Mkiwaita na kuwafundisha kumgeuza na kumlisha, watakuja, watamgeuza, wataomba, na mimi nitakuwa nimekwenda sokoni.

Katiba yetu, kifungu cha 49, inasema mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya hatua maalumu za ulinzi zinazolingana na mahitaji yao. Tarehe 3 Mei 2022 ikaongezwa sheria nzima ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Mpango wa afya kwa wote umeanza na akina mama wanaojifungua na watoto wachanga, na sina wivu, ndipo pa kuanzia. Nauliza tu nani anafuata.

Tarehe 29 Oktoba ni siku ya kiharusi duniani. Msitugawie tisheti. Tumieni siku hiyo kupima tensheni ya kila mtu anayepita sokoni, na kuhakikisha kwamba dawa za bei nafuu za tensheni hazikosekani kwenye vituo, maana tensheni ndiyo inayoongoza kuwaleta wazee wetu kwenye hali hii, na dawa yake inaachwa siku mtu anapojisikia vizuri. Hilo tu.

Bunge la jimbo linaingia kwenye kikao cha bajeti kila mwaka mwezi wa Septemba. Kabla ya hapo tunaomba tuonane. Kutuita ofisini hakutafaa, kwa sababu anayetoka lazima atafute wa kumwachia mgonjwa, na mtakutana na makaka wa Kolwezi. Njooni nyinyi, asubuhi, wakati wa kuosha na kulisha, nyumba mbili tatu za Katuba na nyingine za Ruashi. Wakuu wa mitaa wanazijua. Mje na kine mmoja na mtu wa bajeti. Viatu mtavivua mlangoni, kwa sababu sakafu itakuwa na maji.

Kwa heshima,

Mtunzaji mmoja, komini ya Katuba, Lubumbashi